Matanga ya Akai Akiwa Hai

Margaret Erot alimuua mama yake kwa Kiingereza, Jumapili moja ya Novemba mwaka 1984, katika kanisa la mawe mjini Dundee, Scotland. Mama mwenyewe, Akai, siku hiyo alikuwa nyumbani Isiolo, mtaa wa Chechelesi, mzima wa afya, akigombana na mbuzi aliyemtafunia shuka.

Haikuwa nia yake. Misheni ilimpeleka ng'ambo kusomea lishe, msichana wa kwanza wa Kiturkana mtaani kwao kupanda ndege, na majirani walimsindikiza hadi kituo cha basi wakiimba. Huko alisoma kwa bidii, na kila Jumamosi alijitolea jikoni kwa kanisa, akiwapakulia supu wazee wasio na makao. Kazi aliipenda. Shida ilikuwa sifa. Akimenya kiazi, anasifiwa; akiosha sufuria, anasifiwa tena, eti mtoto wa watu ametoka mbali kuwahudumia wageni. Na sifa zikimkolea mtu hana kazi nyingine ila kuzitafuta.

Mwaka ule ukame ulikausha kaskazini yote, kuanzia Merti hadi Leparua. Kanisa likamwomba Margaret aeleze hali ya kwao. Alipanda mimbarini na karatasi iliyojaa hesabu za mvua na mifugo. Watu walimsikiliza kwa adabu, lakini mzee mmoja wa mbele alipiga miayo, na Margaret akamwona. Akaikunja karatasi.

"Mama yangu amekufa kwa njaa mwezi uliopita," akasema.

Yule mzee wa miayo akafunga mdomo. Kisha Bi. Elspeth, mjane aliyekuwa akimenya naye viazi kila Jumamosi, akaangua kilio. Margaret angeweza kuyarudisha maneno yake pale pale. Alitazama nyuso zile zote zilizomwelekea, akayaacha yaende.

Miezi mitatu baadaye mahindi ya manjano na maziwa ya unga ya kanisa lile yalifika Isiolo, na watoto wa Chechelesi wakala. Hapo ndipo uongo ulipomnasa, kwa sababu aliona hawezi kuutubu bila kuwapokonya watoto sahani. Bi. Elspeth naye alianza kumfumia soksi, akisema sasa hana mama wa kumfumia. Akai maskini hajapata kuishika soksi mkononi! Margaret alizivaa, na kila walipofika penye kuomba msamaha wa makosa katika sala, alifumba mdomo, akawaacha wengine waendelee. Aliona haya mbele ya Mungu, na aliona haya zaidi mbele ya zile soksi.

Alirudi nyumbani mwaka 1986, akapewa kazi kwenye kliniki ya misheni. Alidhani bahari imeuzika uongo wake. Mwaka uliofuata ikaja barua: Bi. Elspeth yuko njiani, anataka kuweka maua kwenye kaburi la Akai.

Mtu mwenye akili angeungama siku ile ile. Margaret alikwenda kumpokea mgeni na uongo wa pili mfukoni. Alimwambia kwamba wafugaji hawaonyeshi makaburi yao, na kwamba nyumbani atamkuta mama yake mdogo, dada ya marehemu. Kwa Waturkana dada ya mama naye huitwa mama, kwa hiyo hata yeye akimwita Akai mama hakuna litakaloharibika. Alikuwa amepanga kila kitu, msichana huyu aliyesomea lishe.

Akai aliwapokea mlangoni, shanga zimemjaa shingo, akacheka kwa furaha. Habsa, Msomali jirani mwenye duka, alikuwa ameleta birika la chai ya maziwa kwa heshima ya mgeni. Bi. Elspeth alimtazama Akai kidogo, akaweka chini maua yake ya plastiki, akamkumbatia na kulia kwa sauti, akimpa pole kwa Kiingereza kwa kifo cha dada yake, mama wa Margaret.

"Analia nini?" Akai akauliza kwa Kiturkana.

"Amefiwa," Margaret akajibu.

"Ooh, maskini. Na amesafiri hivyo hivyo?"

Mwanamke wa Kiturkana havui shanga zake ovyo. Akai alipapasa shingoni, akautoa uzi mwekundu wa shanga ambao marehemu mumewe Erot alimpa walipooana, akamfunga Bi. Elspeth. "Mwambie pole," akasema. "Mwambie aliyekufa alikuwa mtu mzuri, ndiyo maana analiliwa hivi."

Margaret alitafsiri. Sijui alitoa wapi sauti ya kutafsiri.

Gari la misheni lilipoondoka na mgeni, Habsa aliyekuwa akimimina chai muda wote akamshika Margaret mkono.

"Wewe Margaret, mimi nilisoma Kiingereza mpaka form two. Nimesikia yote. Wallahi, mwambie mama yako. Mimi siwezi kukaa na hii kitu."

Margaret akapiga magoti hapo hapo uani, akasema yote bila kupumua. Akai alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikufa na nini?"

"Njaa, mama."

"Mimi? Na mbuzi tisa uani?" Akageuka kuwatazama. "Yale mahindi ya manjano yalikuja kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikula."

"Ulikula, mama."

"Basi nimekula matanga yangu mwenyewe," Akai akasema, na hakucheka. "Yule mama amenililia vizuri kuliko watakavyonililia ndugu zangu. Tumemdanganya sisi wawili, na mmoja hakujua. Lete karatasi."

Margaret akaandika kama alivyoambiwa: Mimi Akai uliyenililia, niko hai. Mtoto wangu alikosa, na mimi nilikula. Tusamehe. Akai akapaka wino kidoleni, akakikandamiza chini ya maneno yale, na barua ikamfuata mgeni hadi kwao Dundee.

Baada ya miezi minne kifurushi kilifika posta. Ndani mlikuwa na ule uzi mwekundu, umezungushiwa karatasi tupu. Njiani kurudi nyumbani Margaret alijikuta akitunga barua kichwani, ya msamaha, yenye aya mbili na salamu kwa majirani. Alipofika uani ilikuwa imekamilika.

"Ameandika nini?" Akai akauliza.

Margaret alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Hajaandika kitu, mama. Amerudisha shanga."

"Ana haki," Akai akasema. Akauchukua ule uzi, akamfunga binti yake shingoni, akakaza fundo. "Siku nitakayokufa kweli, utavua. Watu wakiziona shanga hizi hapo, wajue niko hai."

Akai alizikwa Machi mwaka 1989, baada ya homa ya siku nne. Majirani walilia, mchungaji alisali, Habsa alipika chai ya waombolezaji. Margaret hakusema neno kaburini. Ile "Mama yangu amekufa" alikwisha kuitumia Dundee.

Juzi alipita dukani kwa Habsa kununua sukari, na Habsa akautazama ule uzi mwekundu shingoni mwake.

"Margaret, miezi sita sasa. Bado hujatoa?"

"Bado," akasema, akachukua sukari yake, akaenda kazini.