Kitabu Nilichomchagulia Mama Mkwe

Wajukuu zangu hunijia wakisema, "Koko, tuchagulie kitabu." Mimi huwauliza kwanza: unataka kuogopa, unataka kuchunguza, ao unataka kulia? Anayetaka kuogopa nampa kile cha watu wanaokimbizana. Anayetaka kuchunguza nampa kile ambacho maiti inapatikana mapema na kila aliyemo nyumbani anaapa kwamba alikuwa amelala. Anayetaka kulia nampa cha polepole, cha mwanamke anayekaa dirishani bila jambo lolote kutokea, na ukimaliza unajikuta huna hamu ya chakula. Na vile vya mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe? Hivyo natoa huku nikionya: usimwamini haraka. Anayejisimulia hakosi anachoficha. Hata mimi, nisikilizeni hivyohivyo.

Tabia hii ya kushuku sikuitoa vitabuni. Niliitoa Walikale, kwa mama mkwe wangu.

Nilizaliwa juu, kwenye milima ya Masisi, ambako mgeni unamwona angali mbali na unapata nafasi ya kufagia uwanja. Miaka ya hamsini, Mbelgiji akiwa bado bwana wa nchi, nikaolewa chini, Walikale, kupita Kashebere, kule barabara inakoingia msituni na mgeni humwoni mpaka awe mlangoni. Mume wangu alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye mgodi wa bati. Mimi masista walikuwa wamenifundisha kushona na kusoma Kifaransa. Basi madamu wa enjinia aliporudi Ulaya akaacha kisanduku cha riwaya, sista aliyesimamia foyer yetu, ile nyumba ya wanawake kushonea, aliyatazama majalada yake, visu na midomo myekundu, akafanya ishara ya msalaba, akanisukumia mimi.

Mchana wanawake wa kambi ya mgodi walifuma, mimi nasoma ukurasa kimya, halafu nausimulia kwa Kiswahili. Kuchagua kitabu ilikuwa kazi. Mke wa katekista nilimchagulia cha mzungu aliyeandika safari zake mwenyewe. Alisikiliza vizuri mpaka pale mzungu anapovuka jangwa akiwa peke yake. Akaweka sindano chini.

"Peke yake? Na nani alimupikia?"

Wanawake wakacheka, na kitabu kikafa palepale. Kila nilipokifungua tena, mmoja alinong'ona, "Mupishi bado hajaonekana?"

Ndipo mama mkwe akaanza kuja. Hakufuma. Alikaa karibu na mlango, mikono mapajani, ananitazama mimi tu. Nyumbani kwangu alikuwa akifunua vyungu na kunusa mboga yangu ya sombe kama mtu anayetafuta kosa, na hakuficha. Nikasema moyoni: huyu ni polisi kamili, basi nimpe cha polisi.

Lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu milimani na kwao msituni desturi ilikuwa moja: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako. Si adabu tu. Ni kiapo kwamba hamna kitu ndani. Asiyeonja, kikombe chake hakipokelewi, hata awe dada yako wa tumbo moja.

Sasa kile kitabu. Nyumba kubwa ya Ulaya, mvua inanyesha, mzee tajiri amekaa na jamaa na rafiki zake. Mke wake anammiminia chai, anampa, mzee anakunywa, anaanguka, amekufa. Sikuwa hata nimefika mwisho wa ukurasa.

"Simama hapo," mama mkwe akasema. "Alionja?"

"Nani, Mama?"

"Ule muke. Alionja mbele ya kumupa?"

Nikarudi juu ya ukurasa, nikatafuta. Hakuonja.

"Basi njo yeye. Funga kitabu."

Foyer nzima ikaitika, njo yeye, ndiye huyo! Nikawaeleza kwamba wazungu hawaonji, hawana desturi hiyo, mtu anapewa kikombe na anakunywa tu.

"Njo maana wanakufa," akasema mama mkwe, na hakutabasamu.

Tukaendelea na kitabu mchana baada ya mchana. Tulikuwa katikati yake mume wangu alipougua. Alitoka kumzika ndugu yake kijiji cha juu ya mto, akala kwangu, akalala. Asubuhi alikuwa anahara damu na kujikunja. Infirmier, yule muuguzi wa dispensaire ya kambi, alisema ni amiba, akampa dawa, na dawa ilimsaidia. Lakini alibaki mifupa mitupu, na akawa mtu wa kunyamaza. Baba yake mkubwa, kichwa cha ukoo, hakunyamaza. Alisema mbele ya watu: mwanamke wa milimani, kila siku anafundisha wenzake mambo ya sumu kutoka kwenye kitabu, na mume wake anahara damu. Mnataka ishara gani nyingine?

Ikasemwa kwamba Jumapili baada ya misa wazee watakaa. Kila mtu alijua maana yake. Mimi ningepanda kurudi Masisi na mkeka wangu, na binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, angebaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Siku zile nilimfunga mgongoni muda wote, hata nikisonga bugali, hata nikienda chooni. Niliogopa kumweka chini.

Na niliwashuku wote. Jirani akiniamkia mapema, nawaza ametumwa. Asiponiamkia, nawaza ameshajua. Mume wangu akigeukia ukutani, nawaza amekubali. Lakini aliyenichoma zaidi ni mama mkwe, maana hakuacha kuja foyer. Kila mchana, mahali pale pale, macho yale yale. Anakuja kunasa ulimi wangu, nilisema. Nilitaka kubadili kitabu, nichukue kile cha dirishani. Ningebadili, wangesema naficha. Ningeacha kusoma, wangesema nimekiri. Basi nikasoma. Kila yule mke wa kitabuni alipoingia, mama mkwe alisema kwa sauti, "Muuaji huyu," akinitazama mimi, si kitabu. Ee, nilimchukia!

Siku mbili kabla ya kikao tukafika mwisho. Mke hakuwa na kosa. Aliyeua alikuwa daktari, rafiki wa nyumba, aliyekuja kila siku na mkoba wake akiwapa wafiwa pole. Wanawake wakapiga kelele, mmoja akatupa pamba yake ya kufumia juu. Mama mkwe peke yake hakusogea.

"Na muke?" akauliza.

"Hana kosa, Mama. Alikuwa anampenda mume wake."

"Soma tena pale."

Nikasoma tena. Akainuka, akatoka bila kuaga mtu. Nikasikia baadaye kwamba njiani infirmier alimsalimu, naye mama mkwe akavuka upande wa pili wa barabara.

Jumapili wazee wakakaa ndani kwetu. Mume wangu aliegemea ukuta, anatazama vidole vya miguu yake. Mungu anisamehe, siku ile ningemzaba kibao na ugonjwa wake. Wakaniambia nilete kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na nilijua kwa nini: wanataka kuona kama nitathubutu kuonja. Nikasimama katikati na kikombe, mtoto mgongoni, baba mkubwa anasema na anasema, na mimi bado sijaonja kwa sababu hakuna aliyenipa nafasi.

Mama mkwe akakohoa.

"Miye nilisikia kitabu cha huyu mutoto," akasema. "Mule ndani kuko muke. Siku ya kwanza nikasema, njo yeye. Kila siku nikasema, njo yeye. Nilitaka wamunyonge. Hata nilikasirika juu walikuwa wanachelewa kumunyonga. Kumbe hakuwa yeye."

"Mama," baba mkubwa akasema, "ile iko kitabu tu."

"Njo bahati yangu. Angekuwa mutu, angeisha kufa, na miye njo niliyemuua."

Yeye akanyoosha mkono, akanipokonya kikombe kabla hakijagusa midomo yangu, akanywa. Alikunywa chote, taratibu, mbele yao, akafuta mdomo kwa kitenge chake. Baada ya mama wa mgonjwa kunywa namna ile, ni nani angesema neno sumu? Wakaomba kasiksi nao, wakaanza kuzungumzia nyavu za kuwindia. Mume wangu ndiye aliyelia. Mimi nilikuwa sina hata machozi.

Walipoondoka, tukabaki mimi na yeye na mtoto. Nilikuwa naokota vibuyu chini ili nisimtazame usoni. Akachukua kikombe kile kile, akakijaza, akaninyooshea.

"Kunywa. Umechoka."

Nikakitazama kikombe. Nikamtazama yeye. Mwanamke huyu aliniita muuaji kila mchana, mbele ya wenzangu. Leo ameniokoa, sawa. Lakini kesho je?

"Unangoja nini?" akasema.

"Onja kwanza, Mama."

Lilinitoka kabla sijalizuia. Akanikazia macho, na nikajua nimeharibu kila kitu, nimemrudisha baba mkubwa kwa mdomo wangu mwenyewe. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta, pombe inamwagika mguuni pake, mtoto mgongoni mwangu akaanza kucheka naye.

"Sasa weye umekuwa mutu wa hapa," akasema, akaonja.