Dada yangu na injini ya Noah kwenye gari ya spoti ya baba

Jamani, leo dada yangu Rehema kaunyamazisha mtaa mzima hapa Mtoni!

Gari ya spoti ya marehemu baba ilishakufa injini kitambo. Rehema akanunua injini iliyotumika ya gari aina ya Noah, akawa anaifunga mwenyewe pale uani kila Jumapili. Mie nilikuwa nacheka tu.

Mama akachoka. Leo asubuhi kaita watu wa chuma chakavu, wakaja na kirikuu chao, kile kigari cha mizigo, wakaegesha getini.

Rehema akamwambia, "Mama, niache niiwashe kwanza. Ikigoma, waichukue."

Akawasha. Ikakohoa, ikazima.

Jamaa mmoja akaanza kukunjua kamba ya kuivutia. Nyie, roho iliniuma!

Rehema akashuka. Akafungua boneti, akakaza waya wa betri, akarudi kwenye usukani.

Ikanguruma!

Mama machozi yakamtoka. Akafungua mlango, akajikusanya na khanga yake akakaa kiti cha mbele, kisha akawapigia kelele wale jamaa:

"Nyie, toeni hicho kigari chenu getini, mwanangu apite!"

Mama na Rehema wako Kilwa Road huko, hata mie wameniacha. Mpeni Rehema maua yake, jamani.