Jina Ambalo Sikulitaja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na visu nilivyovinoa mwenyewe. Ilikuwa Bura, ile ya Fafi, kaunti ya Garissa, alfajiri. Kichinjio cha pale kilikuwa sakafu ya saruji, paa la mabati, ndoano chache na mfereji wa kupitisha damu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ukaguzi wa nyama, na usiku kucha nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu ya kwanza. Wachinjaji walipokuwa tayari, nikaitoa kwa sauti ya kiofisa: "Leteni mzoga wa kwanza niukague."

Watu wakaacha kazi wakanitazama. Mkuu wangu wa kwanza, Daktari wa Mifugo wa kaunti ndogo, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akanishika mkono akanivuta hadi nje.

"Umesema nini?"

"Mzoga, Daktari. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Chuoni mzoga ni mnyama aliyechinjwa. Hapa mzoga ni mnyama aliyejifia, na hakuna anayemla. Umewaambia wazee hawa wanauza nyamafu. Sema nyama, basi. Ukikosa neno, nyamaza uangalie tezi."

Nilinyamaza siku nyingi baada ya hapo. Mimi ni mtu wa namna hiyo: kosa dogo hunikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Nawaandikia ninyi mnaotaka kuingia katika kazi hii, na naandika kama mstaafu, ingawa nina miaka thelathini na moja na nimestaafu kwa kujiuzulu. Kazi nilijifunza chuoni. Yale mengine nitakayoeleza nilijifunza peke yangu, na huenda nimeyajifunza vibaya.

Mkaguzi hukagua mara mbili. Kwanza mnyama akiwa hai, zizini. Unatazama anavyotembea, macho, pua, na kama anacheua. Mnyama anayecheua ametulia. Asiyecheua ana ugonjwa au ana hofu, na ni wajibu wako kujua ni kipi. Pili, akishachinjwa na kuchunwa. Unapasua tezi, vile vinundu vinavyovimba mwili unapopigana na maradhi. Unachana ini kutafuta minyoo bapa. Unapapasa mapafu, hasa ya ngamia, kutafuta vifuko vya maji ambavyo ndani yake mna mbegu za minyoo wa mbwa. Kilicho kibaya hutupwa shimoni na kumwagiwa dawa. Kilicho kizuri hupigwa muhuri wa wino wa zambarau, na kuanzia hapo mji mzima unakula kwa kuliamini jicho lako.

Hilo la mwisho ndilo lililonivuruga. Nilikuwa nikirudi chumbani najiuliza kama ile tezi ya shingoni niliipasua au niliigusa tu. Mchana nilikwenda bucha kununua nyama niliyoikagua mwenyewe ili niitazame tena. Mwuzaji alidhani naipenda sana nyama, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaacha kuila.

Nilianza kutafuta kwenye simu namna ya kutuliza moyo, nikaangukia mafundisho ya Budha. Mtu mmoja kwenye video alikuwa akieleza jinsi ya kukaa na kuitazama pumzi ikiingia na kutoka, bila kuilazimisha. Nilikaa chini, nikaitazama. Kwa mara ya kwanza tangu niripoti kazini, sikuwaza tezi. Nikaendelea kila asubuhi. Baadaye nikachukua miiko mitano, peke yangu, mbele ya ukuta wa chumba: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Sikuwa na mwalimu. Sikumjua Mbudha mwingine kati ya Mwingi kwetu na mpaka wa Somalia.

Mtaona shida yangu. Nimeapa kutoua, na kazi yangu iko kichinjioni. Nilijiambia kwamba mimi sichinji, nalinda wanaokula. Siku nyingine hoja hiyo ilishika, siku nyingine iliporomoka kabla sijafika getini. Nikatafuta la kufanya. Wabudha wana zoezi la kukitakia heri kila kiumbe chenye uhai. Basi kila mnyama alipolazwa, nilimwambia kimoyomoyo: usiwe na hofu, uwe salama. Kwa jinsi nilivyo, nilitaka nimfikie kila mmoja bila kumruka hata mmoja. Nikimkosa, nilijiona nimemwibia.

Nilihamishiwa Garissa mjini, kichinjio kikubwa, chini ya Mkaguzi Mkuu ambaye tulimwona zaidi kwenye simu. Aliyetawala pale hasa alikuwa mchinjaji, Haji Noor, mzee mkavu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alimfahamu ng'ombe mzima, kuanzia kwato hadi pembe, lakini kwake kazi ilikuwa tamko kwanza, kisu baadaye. Bila kulitaja jina la Mungu, alisema, hata kisu kikali ni uuaji tu.

Huko mjini ndiko nilikoulizwa. Tulikuwa tukinywa chai, na Hassan, mchunaji wa ngozi mwenye mdomo mrefu kuliko kisu chake, akanigeukia na Kiswahili chake cha Kisomali, kisichojua p wala v.

"Waryaa Mkamba. Ijumaa msikiti huendi. Jumafili kanisa huendi. Wewe ni nani?"

Mwiko wa uongo ulikuwa shingoni mwangu kama kamba. Nikajibu chini chini: "Mimi ni Mbudha."

"Buda?" Akageukia wenzake. "Nasema yeye ni buda! Buda ya nani, hata ndefu huna? Mke huna, mtoto huna, ngamia huna. Buda ya nzi?"

Buda, kwa vijana, ni mzee, ni baba. Wakacheka mpaka chai ikamwagika, na kuanzia siku hiyo nikawa Buda. Sikusahihisha. Ukweli niliusema mimi, uongo ukakaa masikioni mwao, nami nikauacha ukae.

Niseme wazi nilichokuwa nikiogopa. Wenyeji wangu hawakuwahi kunitisha. Walinilisha, walinitembelea nilipougua. Lakini sisi tunaotoka huko wanakokuita "Kenya", kana kwamba Garissa ni nchi nyingine, tuna swali tunalolibeba kila tunaposafiri. Ukisimamishwa njiani na watu wenye bunduki, ukaulizwa dini yako, utasema nini? Mwalimu niliyepanga naye nyumba alikuwa amejifunza shahada, lile tamko la imani ya Waislamu, akawa ananifundisha.

"Sema tu, Mutua. Ni ya kuokoa shingo."

"Na wakijua siamini?"

"Watajuaje? Wewe unaulizwa na bunduki, si na Mungu."

Nilijaribu. Maneno sikuyafikisha mwisho. Kwa jirani zangu yalikuwa uhai wenyewe, na mimi nilikuwa nikiyakariri kama namba ya siri. Mkristo angekuwa na jibu lililo wazi, hata kama ni la kumwangamiza. Mimi nilikuwa na neno ambalo mtu angelisikia kama utani, na akilielewa, angesikia mwabudu sanamu.

Basi asubuhi moja, wakati ng'ombe wa tatu au wa nne alikuwa amelazwa, Haji Noor alisimama na kisu mkononi, akanitazama badala ya kumtazama mnyama. Kisha akalitaja jina la Mungu, akachinja, akaendelea na wengine hadi mwisho. Kazi ilipokwisha akaosha mikono polepole.

"Buda. Kuja."

Nilimfuata hadi nyuma ya chumba cha ngozi.

"Mimi nashika kisu, nataja Mungu. Wewe nasimama bale. Midomo yako natembea. Nimeona leo, nimeona jana. Nataja jina la nani?"

Sikuwa nimejua kwamba midomo yangu ilikuwa ikicheza. Na kama hamjakaa kwenye kichinjio cha Waislamu, lazima niwaeleze kwa nini nilishikwa na baridi kwenye jua lile. Mnyama aliyetajiwa jina lisilo la Mungu wakati wa kuchinjwa ni haramu. Haijalishi kisu kilikuwa chema. Zoezi langu la huruma, kama lingekuwa na jina ndani yake, lingeitia shaka nyama ambayo ilikuwa tayari njiani kwenda kwenye bucha zote za mji. Muhuri wangu wa zambarau ulikuwa juu yake. Na Hassan alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiburuta ngozi.

Nilifikiria kusema nilikuwa nikihesabu. Lilikuwa neno jepesi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Sitaji jina la yeyote, Haji," nikasema. "Namwambia mnyama asiwe na hofu."

"Namwambia nani?"

"Ng'ombe."

"Hakuna jina?"

"Hakuna."

"Afa."

"Dini yangu imenikataza kuapa uongo, Haji. Naapa."

Nilitaka kuyarudisha maneno hayo. Alitega kichwa. "Dini yako. Ni gani?"

Nikamwambia. Nilimweleza kama mtu anayetapika: Budha, pumzi, miiko mitano, video kwenye simu, ukuta wa chumba. Nilimwambia kwamba simwabudu Budha, kwamba alikuwa mtu aliyefundisha, na kwamba sina sanamu. Sauti yangu ilipanda hadi nikajisikia mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta ngozi iliacha kuburutwa.

Haji Noor alifuta kisu chake kwa muda mrefu kuliko kisu kilivyohitaji.

"Namwambia ng'ombe kwa lugha gani?"

"Kikamba."

"Hii ng'ombe natoka Fafi," akasema. "Kikamba atajua wabi? Sema 'ha baqin'. Kwetu ni hiyo, usiogobe." Sikujua kama nimeruhusiwa kucheka. Yeye hakucheka. "Lakini sema kule, zizini, bado nasimama. Bahali ya kisu, funga mdomo. Juu ya nyama mimi naweza kuafa mbele ya mtu yoyote. Juu yako, adeer, siwezi. Wakiniuliza, nitasema: uliza yeye."

Adeer ni neno la ami kwa mtoto wa nduguye. Nilimshukuru. Nilifikiri nimeokoka, na kwa upande wa nyama tulikuwa tumeokoka. Hakumwambia mtu. Hassan aliendelea kuniita Buda kwa sauti ileile, na mpaka leo sijui alisikia nini. Lakini kuanzia siku hiyo, kila mtu aliyemwinamia mzee yule sikioni nilidhani anauliza habari zangu. Wenye bucha wakicheka, nilikuwa nikisimamisha kisu. Siku moja nilijikuta nimepiga muhuri pande za nyama bila kukumbuka kama nilifungua tezi za paja. Nikazishusha zote, nikaanza upya, wachukuzi wakinung'unika. Nilielewa hapo kwamba hofu ilikuwa inakagua nyama badala yangu.

Nilikwenda kwa Mkaguzi Mkuu kujiuzulu.

"Umepata kazi Nairobi?"

"Hapana, mkuu."

"Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana."

"Sasa unakimbia nini?"

"Naogopa kuulizwa."

Alinitazama kama anayemtazama ng'ombe asiyecheua. "Kila mtu huku anaulizwa. Ukoo, dini, kitambulisho. Mimi naulizwa nikienda dukani."

Sasa natengeneza simu kwenye kibanda hapa Garissa, kazi nyingine niliyojifundisha. Wanaotaka ushauri wangu wa kustaafu, ninao huu mdogo: chunguza ini kwa subira, usiseme mzoga mbele ya Waislamu, na usingoje kama mimi nilivyongoja hadi mtu akusome midomo. Nilikuwa nikidhani kufuata Budha ni kutokuwa na hofu. Bado ninayo. Kila asubuhi inakaa nami, tunaitazama pumzi pamoja, halafu tunafungua kibanda.

Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia, simu yake imevunjika kioo. Nilikuwa na skrubu ya mwisho kwenye ncha ya bisibisi. Alikuwa akinitazama.

"Ijumaa nimekuja, umefunga. Leo Jumafili, umefungua," akasema. "Umesilimu?"

"Hapana, mama. Ijumaa nafunga kwa sababu mji wote umefunga."

"Basi wewe ni dini gani?"

Niliinua uso. Nikatamka "Mbudha" herufi kwa herufi, ili asisikie kingine, kisha nikaeleza maana yake. Bisibisi iliteleza, skrubu ikaruka ikapotelea mchangani.

Mama akaweka dumu lake la maziwa chini, akakusanya shuka yake, akapiga magoti kunisaidia kuitafuta.