Nilimchomesha Mke Wangu Sindano ya Goti Ili Abebe Maharage

Kosa ni langu, si la muuza dawa peke yake. Naliandika hapa kwa sababu nyumba imenyamaza na sina wa kumwambia.

Tunalima kilimani, upande wa Kalembe. Huku kwetu mzigo ni wa mwanamke: kitunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mwanamume hushuka na jembe tu.

Goti la mke wangu, Mama Riziki, lilikuwa limelika. Daktari mmoja kule Walikale alimchoma sindano ndani ya goti, akatuonya: dawa hii hutuliza maumivu, haitengenezi goti. Asibebe mizigo, na asichomwe tena kabla ya miezi kadhaa kupita.

Maumivu yalitulia, kweli! Siku za kwanza nilibeba kitunga mwenyewe. Wanaume wa njiani wakapiga kelele: "Papa Riziki, ulioa ao uliolewa?" Wakacheka mpaka nikaona haya. Kesho yake nikamrudishia mke wangu mkanda.

Haukupita mwezi, goti likavimba. Nikamwita muuza dawa wa sokoni. Akauliza kama ameshachomwa.

"Hapana, njo mara ya kwanza," nikasema. Uongo mtupu!

Mama Riziki akanitazama. "Unanichomesha juu ya kitunga, nibebe tena?"

"Maharagi iko inaoza mu shamba."

Hakubisha. Nilimwona yule mtu akifuta goti kwa kitambaa alichotoa mfukoni kabla ya kulichoma. Niliona, nikanyamaza! Siku ya tatu goti lilikuwa moto, limetunga usaha. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani. Hospitalini walimpasua, akapona, lakini goti halikunjiki tena.

Sasa anaishi kwa binti yetu Walikale, mahali pasipo na mlima. Jumapili nilimpigia simu, nikamwomba arudi.

"Nipande kilima na muguu gani, Papa Riziki?" Kisha akauliza, "Maharagi ulivuna?"

"Nilivuna."

"Nani alibeba?"

"Mimi."

 "Kumbe iliwezekana," akasema, akakata simu.

Ee waume wenzangu! Msimfiche daktari sindano ya kwanza, wala msimpe mtu wa sokoni magoti ya wake zenu. Na kitunga kibebeni mapema, wakati bado kuna mtu nyumbani wa kuwapokea mzigo. Mimi nautua mwenyewe, napika chungu kidogo, na bado chakula kinabaki.