Ukuta wa Simai Usio na Mlango

Simai wa Pete, kule karibu na Jozani, kila akipanda mihogo, wanaovuna ni nguruwe mwitu. Nguruwe wenyewe nnawajua mie. Mmoja alipita uani kwetu saa sita mchana, na kwa ukubwa wa kivuli chake kuku wakaenda kulala, wakidhani magharibi imeingia.

Mwaka huu Simai akachoka. Aliokota mawe miezi mitatu, akayapanga bila ya saruji mpaka ukuta ukamfika kifuani na kulizunguka shamba zima. Mlango hakuuacha, maana nguruwe, alisema, siku zote hupitia mlangoni.

Shamba lenyewe mkewe, Mwanamkasi, kalirithi kwa baba yake. Siku ukuta ulipokwisha alikuja na kikapu cha chakula, akasimama nje na goti lake bovu.

"Mume wangu, mie nnaingilia wapi?"

"Ruka, kama mie."

"Niruke na goti hili? Basi umenizuia mie pamoja na nguruwe. Chakula utakula ukitoka."

Simai alimtazama anavyochechemea kurudi nyumbani, moyo ukamwuma. Akamwita amsubiri. Alichomeka mawe mapana ukutani, matatu nje na matatu ndani, yakawa ngazi, kisha akamshika mkono.

Nguruwe nao walikuja kuzitazama ngazi. Mmoja alianza kuvua kwato apande, nilimwona kwa macho yangu, lakini wenzake walimcheka, akaona haya.

Mihogo ya mwaka huu kaing'oa Mwanamkasi mwenyewe.