Urbain Hakati Kushoto

Karibu mwaka mzima mume wangu Urbain aliendesha teksi mjini Kalemie bila kukata kushoto. Mteja akitaka sokoni, na soko liko pale kushoto, Urbain alikata kulia, akakata kulia tena, na tena, mpaka akalifikia soko kwa mgongo. Wageni walidhani wanatembezwa mji.

Sababu ilikuwa mlio. Akikata kushoto, gurudumu la mbele la kulia lilipiga ka-ka-ka, kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Akinyoosha, kimya.

Urbain alikuwa amesoma miaka sita kwa mapadri. Mimi sikusoma hata siku moja, na hilo alinikumbusha kila aliposhindwa na jambo. Aliposikia mlio mara ya kwanza alivaa abakosti, suti yake ya heshima, akafunua boneti na kuitazama injini kwa huzuni, kama mganga anayetafuta kidonda cha mguu mdomoni. Baadaye akainama. Akaona ule mpira unaofunika kadani, chuma kinachozungusha gurudumu, umepasuka, na grisi yote imetoka. Zama zile za Zaire grisi haikupatikana madukani. Msomi wangu akachukua chupa yangu ya mawese, akamimina humo, akafunga kwa kitambaa.

Siku tatu gari lilinyamaza, likanukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Siku ya nne mchanga wa ziwani ulikuwa umejaa ndani ya yale mafuta, na mlio ukarudi na nguvu mpya. Hapo ndipo Urbain aliposema kwamba mimi ndiye ninayeliroga gari.

Lilimfaa neno hilo. Alikuwa amempangia hawara yake Viviane chumba mtaa wa Kataki, na Viviane alitaka nyumba. Nyumba ni ile niliyofyatua matofali yake kwa mikono hii na kuiezeka mabati kwa biashara ya ndagala, dagaa wa ziwani. Mke wa kawaida hafukuzwi ovyo. Mchawi anaondoka na kitenge kimoja. Mganga wake alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, akatangaza kwamba kuna mwanamke amekaa ndani ya gurudumu. Mwishowe Urbain akawaita wajomba zake waje Jumapili kuamua kama nirudishwe Kirungu kwa kaka zangu.

Jumamosi nilikwenda kwa Assumani, fundi wa karibu na bandari, mjukuu wa wafanyabiashara wa ziwani.

“Mama Adolphine,” akacheka, “miye natengeneza magari. Ndoa sitengenezi.”

“Kesho uje na ile grisi unayopata kwa mabaharia. Ndoa iache ilivyo.”

Jumapili wajomba walikaa uani kwenye viti, mkubwa wao Papa Ignace katikati. Assumani akaingia na sanduku lake la spana.

“Papa Urbain, kata usukani kushoto mpaka mwisho, uzunguke hapa polepole.”

“Sikati.”

“Miaka sita kwa mapadri,” nikasema, “kumbe walimufundisha kulia tu.”

Assumani akaingia mwenyewe. Ka-ka-ka-ka! Papa Ignace akafanya ishara ya msalaba. Fundi akashuka, akalala chini, akatoka na kidole kimejaa tope jekundu.

“Huyu njo mwanamuke aliyekaa ndani?”

Papa Ignace akanusa. “Mawese! Nani aliweka mawese?”

Urbain akalitazama ziwa kana kwamba linamwita.

Kadani mpya haikupatikana mjini. Assumani akazitoa zote mbili, ya kulia na ya kushoto, akaziosha kwa petroli, akatuonyesha gololi zilizomo. Ile ya kulia chuma chake kilikuwa kimelika upande mmoja tu, ule unaosukumwa na gololi gari likienda mbele. Basi akazibadilisha: ya kulia akaiweka kushoto, ya kushoto kulia, ili gololi zikanyage upande ambao haujaguswa. Akajaza grisi, akakata mpira wa ndani wa tairi, akafunika na kukaza kwa waya. Kazi ilichukua hadi alasiri. Kisha akazungusha gari kushoto, mara tatu, usukani hadi mwisho. Kimya.

Nikashusha pumzi. Urbain akaruka kutoka kitini.

“Mumesikia? Ameondoa uchawi wake! Amekaa pale anatazama, anatazama, mpaka ameondoa!”

“Grisi yangu njo imefanya kazi!” Assumani alipiga kelele. Hakuna aliyemgeukia. Walikuwa wakinitazama mimi.

“Mukamwana,” Papa Ignace akaniuliza polepole, “njo weye?”

Miezi yote hiyo nilikuwa nimekana, na miezi yote hiyo hawakunisikia. Nikafungua mdomo nikane tena. Nikaona mzee amekivuta kiti chake nyuma, na wenzake wamevuta vyao. Nikaufunga mdomo. Nikamtazama Urbain, kisha gari, kisha Urbain.

Wajomba wakanong'onezana. Papa Ignace akasimama mbali kidogo nami.

“Muntu wa namna hii hatumufukuzi akiwa na hasira, atatumaliza. Mama abaki kwake, na nyumba yake, na vitu vyake vyote. Urbain, weye njo utatoka. Leo.”

Urbain alibeba abakosti zake begani. Assumani akafunga sanduku akitikisa kichwa, akaniambia kwamba kwetu ufundi ni kazi bure.

Papa Ignace alikuwa wa mwisho kuaga. Akasogea, akainamisha kichwa.

“Mukamwana, na magoti yangu? Nikipanda kilima, yanalia.”

“Yalete wiki ijayo, Papa,” nikamwambia. “Tutaona.”