Mzaliwa wa Rulenge

Nauza dagaa sokoni Ngara, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nafungia kwenye magazeti ya zamani. Nayanunua kwa kilo na kuyapima mara mbili, maana anayeniuzia ana tabia ya kuyalowesha kidogo ili yawe mazito. Kabla ya kuchana ukurasa, nautazama. Siasa nachana bila huruma. Matangazo ya vifo nasoma kwanza. Watu wetu wengi waliohama hawakuaga vizuri, na gazeti limewahi kunionyesha alikoishia kaka wa jirani yangu wa Nyamiaga, huku nina dagaa mkononi na mteja anaguna.

Kwa hiyo kijana wangu alipopata mchumba Biharamulo, nikajiona mtaalamu. Babu mzaa baba wa binti alikuwa amefariki zamani. Nikamwambia binti anitumie tangazo la babu yake, kama lilitoka gazetini. Akanitumia picha kwenye simu. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa bibi yake: mzee mwenye koti, maneno chini yake, na sehemu ya mwisho imefunikwa na gazeti jingine linalotangaza matairi.

Kosa langu ni kumsomea shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, anakaa Nyakisasa, na bila yeye posa haiendi popote. Nilitaka aone kwamba tunaoa kwa watu wanaojulikana, wanaotoka gazetini. Nikasoma jina, nikasoma kazi, nikafika kwenye "mzaliwa wa Rulenge, Ngara".

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mimi kaka yangu aliondokea wapi?"

Ukoo mzima unajua. Kaka yake, aliyemfuata baba yangu kuzaliwa, alikuwa misheni Rulenge, akatoka pale kwenda Biharamulo kutafuta kazi. Hakurudi, wala hatukupata habari zake.

"Jina si lake, shangazi."

"Mtu akibatizwa anapewa jina, akihama anajipa jingine. Leta hiyo simu." Akaiweka karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha. "Masikio ya baba haya."

"Masikio ni masikio."

"Wewe unajua bei ya dagaa. Ukoo niachie mimi. Mtoto wetu haoi mtoto wetu."

Posa ikasimama. Kijana wangu akaacha kumaliza chakula chake, na kwa anayemfahamu hiyo ni habari nzito. Nikafunga dagaa wa zawadi, nikapanda gari la Biharamulo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe. Au bado si mkwe?"

"Ndilo nililofuata."

Akafungua dagaa, akawamimina kwenye ungo, halafu akanyoosha lile gazeti kwa kiganja na kuliweka kando. La kubandika ukutani. Chumba chote alikuwa amekibandika magazeti kwa uji wa muhogo, na mumewe, ndani ya tangazo lake, alikuwa ukutani juu ya kitanda, ananitazama kwa yale masikio.

"Bibi, hapa chini pamefunikwa. Naomba nifunue kidogo."

"Utachana. Ukichana utabandika ukuta wote upya."

"Upande huu tu."

"Wote. Na wa jikoni."

"Jikoni kuna moshi, bibi, gazeti halikai."

"Basi huu na wa mlangoni."

Nimefanya biashara maisha yangu yote. Bibi huyu angeweza kuniuzia dagaa wangu mwenyewe. Nikakubali, nikalowesha uji uliokauka kwa maji ya vuguvugu, matairi yakatoka polepole. Chini yake kulikuwa na majina ya ndugu waliotakiwa wafikiwe na habari. Nikawahesabu, nikawahesabu tena. Wote wa Biharamulo, hakuna hata mmoja wa Ngara. Nikafurahi, kisha nikaacha kufurahi: mtu aliyewakimbia ndugu zake hawezi kuandikiwa ndugu hao. Ndipo nikauliza waziwazi, swali ambalo ningeweza kuuliza kwa simu nikaokoa kuta mbili.

"Mzee alizaliwa Rulenge?"

"Nani kasema?"

"Gazeti."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu ndiye alipeleka tangazo. Wakamuuliza, marehemu kazaliwa wapi? Alikuwa na kadi ya ubatizo tu. Imeandikwa Rulenge, akasema Rulenge. Angekuwa na kadi ya chanjo ya ng'ombe, wangeandika kazaliwa joshoni!"

Mzee alikwenda Rulenge akiwa kijana, kufyatua matofali ya misheni. Akafundishwa dini pale pale, akabatizwa, akarudi kwao. Mambo hayo nayajua. Kitambulisho changu mwenyewe kinasema nimezaliwa Rulenge, wakati mama anajua fika kwamba ilikuwa Nyakisasa, shambani, katikati ya palizi.

"Na wazazi wake?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye migomba kulikuwa na makaburi yaliyozungushiwa mawe: baba wa mzee na mama wa mzee, watu ambao hawakuwahi kuishi kwingine. Wazazi wa shangazi wamelala Nyakisasa, na mimi ndiye ninayewapalilia. Nikahesabu makaburi: mawili. Nikahesabu tena, nikapiga picha.

Shangazi aliitazama hiyo picha muda mrefu. Akauliza nani anapalilia pale, nikamwambia. Akauliza kama bibi ni mtu wa kuaminika, nikamwambia kuhusu kuta.

"Basi waoane," akasema.

Nilidhani atacheka. Badala yake akaomba nimrudishie picha ya yule mzee mwenye koti.

"Nilishaanza kumzoea," akasema. Kisha akanirudishia simu. "Dagaa bado unafungia kwenye magazeti?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukiona mzee, usimchane. Niletee."

Kijana wangu ameoa, na tulizibandika kuta za bibi yake mkwe sote watatu, mimi, yeye na mkewe, bibi akiwa amekaa anatuonyesha palipopinda. Kurasa zenye picha za wazee sifungii tena. Naziweka chini ya mizani, na nikienda Nyakisasa nampelekea shangazi. Anazisogeza karibu na pua, anatazama masikio, anazirudisha moja moja.

"Huyu siye. Fungia dagaa."